Mpwa wa Kupanga

Mwaka 1984 mji wa Korogwe ulikuwa na vyumba tele na hapakuwa na mtu aliyekubali kwamba anapangisha. Jioni ukipita Manundu au Majengo ungeona mlango una kufuli, dirisha limepigiwa wavu wa kuku, majani yameota kibarazani. Ukiuliza chumba kile kina nani, utajibiwa ni cha mtoto aliyeko shule, au cha mjukuu anayekuja sikukuu, au kina magunia. Lakini uani mwa nyumba hizohizo niliona sahani za bati zikianikwa kwenye kichanja kimoja, kila tatu nne na alama yake iliyokwaruzwa kwa msumari chini ya kitako zisije zikachanganyika. Watu wa familia moja hawawekeani alama kwenye sahani. Wapangaji walikuwapo. Walioadimika ni wenye nyumba.

Niliripoti kazini mwezi Aprili, masika yameshika, nikiwa na cheti cha kilimo, sanduku la bati na barua ya uteuzi. Bibi shamba mpya, msichana, sina ndugu hata mmoja mkoa mzima wa Tanga. Nyumba za serikali zilikuwa zimejaa. Orodha ya wanaosubiri ilibandikwa ukutani nyuma ya meza ya karani, na aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ile alikuwa ameshahamishwa Lindi bado anasubiri nyumba ya Korogwe. Karani, mzee mmoja mpole sana, akaniambia, "Mwanangu, tafuta pa kujishikiza. Ukishapata, lete risiti ya mwenye nyumba tukuandikie posho ya pango."

Alisema hivyo akiwa ameinamia majalada, kama mtu anayetaja jambo jepesi.

Nilianzia gesti jirani na stendi. Mabasi ya Dar es Salaam na ya Moshi na Arusha yalisimama pale abiria wale na kujisaidia, saa za usiku hasa, kwa hiyo usingizi ulikatwakatwa na honi na sauti za vijana wauza mayai. Mlango wangu ulifungwa kwa kipande cha mti. Isitoshe, ule ulikuwa mwaka wa Nguvu Kazi. Sheria ya kumtaka kila mtu awe na kazi ilipitishwa 1983, na mwanamke kijana anayelala gesti bila mume alikuwa na maelezo ya kutoa kwa kila mgambo aliyepita. Barua yangu ya uteuzi ilizunguka na mimi kwenye mkoba mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Katikati ya mwezi, tarehe 12, Waziri Mkuu Sokoine akafariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, mkoani Morogoro, na mji ukanyamaza. Redio Tanzania ilipiga nyimbo za maombolezo kutwa kucha. Nani angezungumzia vyumba wiki ile? Nilikaa kitandani nikihesabu posho yangu ya kujikimu inavyopungua.

Kijana wa leo, aliyezoea kupigiwa simu na dalali akiwa bado hajamaliza kusema anataka chumba cha namna gani, inabidi aelezwe kwa nini ilikuwa hivyo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Watu wanakumbuka kutaifishwa kwa mabenki na mashamba makubwa, wanasahau ile sehemu ya masharti ya uongozi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hakuwa waziri peke yake. Azimio lilishuka hadi kwa watumishi wa serikali wa ngazi ya kati. Tena lilihesabu mtu na mkewe kuwa ni kitu kimoja, kwa hiyo huwezi kusema nyumba ni ya mama watoto ukaponea hapo. Bibi Titi Mohamed mwenyewe, mama wa TANU, alijitoa kwenye Kamati Kuu mwaka uleule, na sharti la nyumba ndilo linalotajwa sana katika habari ile. Halafu mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba ya Kiswahili ya Korogwe, vyumba sita na ukumbi katikati, haikuikaribia thamani hiyo. Hata hivyo waliojenga nyumba za namna hiyo walijifunza kitu: nyumba ukikaa mwenyewe ni nyumba, ukimweka mtu akulipe ni unyonyaji, na mnyonyaji alikuwa na picha yake kwenye mabango.

Na nani alikuwa na uwezo wa kujenga? Saruji ilikuwa kwa kibali. Bati kwa kibali. Kiwanda cha saruji cha Tanga kilikuwa kimeanza mwaka 1980, si mbali na kwetu, na malori yakapita Korogwe na mifuko yake yakienda kaskazini, sisi tukiyatazama. Anayepata kibali ni mtu wa ofisini, au ndugu wa mtu wa ofisini. Huyo ndiye asiyeruhusiwa kupangisha. Aliyeruhusiwa, mkulima wa mahindi na maharage, hakuwa na mfuko hata mmoja wa saruji. Mji mzima uliangukia kwenye ufa huo, na watumishi wapya tuliendelea kushushwa na mabasi kila mwezi.

Basi nikaanza kuuliza. Mjini kwetu habari za vyumba zilikuwa kwa watu watatu: mama ntilie wa stendi, muuza kahawa, na fundi cherehani aliyeshonea kibarazani, kwa sababu hao wanaona nani anaingia na sanduku na nani anatoka nalo. Fundi alinipeleka kwa mjane mmoja Majengo. Mama yule aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia sijaolewa. Akasema chumba kipo, ila anamtaka mwanamume, kwa ajili ya wezi. Fundi alinieleza njiani kwamba wezi hawakuwa shida yake. Alikuwa na watoto wa kiume wawili wakubwa. Nyumba nyingine tatizo lilikuwa kinyume. Mzee wa pale alikubali upesi mno, kabla sijauliza bei, akaanza kunionyesha jinsi dirisha langu na lake yanavyotazamana. Niliaga kwa adabu zote.

Kulikuwa pia na jengo moja mtaa wa maduka, lililotaifishwa, ambako mpangaji alikuwa anahama na kuuza nafasi yake. Alidai kilemba. Kodi yenyewe ya jengo ilikuwa ndogo, ya kiserikali, lakini kilemba cha kumwachia ufunguo kilikuwa mshahara wangu wa miezi kadhaa, mkononi, bila karatasi. Na mtu mwema wa shamba la mkonge akaniambia kambini kuna vyumba, nyumba zile ndefu walimokaa manamba waliokuja zamani kutoka mikoa ya mbali. Nilikwenda kuona. Vyumba vilikuwapo kweli, imara, baridi nzuri, lakini kutoka kule hadi ofisini ni mwendo wa katikati ya mkonge alfajiri na magharibi, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu.

Aliyenipatia chumba hatimaye ni mama ntilie. Alinong'ona huku akinipimia wali: kuna bwana mmoja, mtu wa ofisi, ana banda la uani, muungwana, mkewe mwelewa. "Lakini nenda kama mtu anayesalimia. Usiseme umetumwa na mimi kwa ajili ya chumba."

Nikaenda kusalimia, jioni ya Jumapili. Nilikaribishwa chai ya rangi, ya sukari, na sukari mwaka ule ilikuwa ni heshima kubwa. Bwana yule alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kaunda suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. Sikumwambia shida yangu wala yeye hakuniuliza. Aliuliza kwetu ni wapi.

"Manyoni, mzee. Mkoa wa Singida."

Akaweka kikombe chini. "Manyoni kuna stesheni?"

"Ipo. Reli ya Kati."

"Basi wewe ni mtu wetu," akasema, akamgeukia mkewe. "Mama, si unaona hata paji la uso?"

Mkewe akasema anaona.

Dada yake mkubwa, nikaelezwa, alichukuliwa na mtu wa reli miaka mingi nyuma, kabla ya uhuru. Yule bwana akahamishwa, akahamishwa tena, na barua ya mwisho ilitoka Manyoni. Mtaani kila mtu mzima alimkumbuka dada yule. Kuanzia jioni ile mimi nikawa binti yake: mjomba ameniita nikae kwake kwa kuwa nimepangiwa kazi hapa, basi. Kodi hakuna. Kila mwisho wa mwezi nitatoa hela ya mafuta ya taa, shilingi 80. Mafuta ya taa ya shilingi 80 kila mwezi yangewasha stesheni nzima ya Manyoni, lakini nilikuwa nimechoka honi za mabasi, nikasema, "Ahsante, mjomba."

Chumba nakiona hadi leo. Banda la uani lilikuwa na vyumba viwili, kimoja stoo ya mahindi na kingine changu, kila kimoja na mlango wake. Kuta za matofali ya kuchoma. Plasta ilianzia pembeni mwa mlango, ikazunguka ukuta wa kushoto vizuri, laini, ikafika katikati ya ukuta wa nyuma ikakoma. Palepale. Ungeweza kuona alama ya mwiko wa fundi wa mara ya mwisho, pale kibali kilipoishia. Nusu ya pili ya chumba ilikuwa tofali tupu, na vumbi lake jekundu lilishuka kila usiku juu ya chandarua. Nikapanga maisha kwa kufuata mstari ule: upande wa plasta kitanda na nguo, upande wa tofali jiko la mchina, ndoo mbili, sufuria na magunia yangu ya sampuli za mbegu. Katikati nikatundika kanga iwe pazia. Wageni wakija niliwaambia karibu sebuleni. Choo na bafu vilikuwa uani, vya wote.

Siku ya pili balozi wa nyumba kumi alikuja na daftari lake. Mgeni ni nani? Mjomba akasema ni mpwa, mtoto wa dada aliyeko bara. Balozi akaandika "mpwa" bila kunyanyua uso, akaniuliza mama hajambo. Nikasema hajambo. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye balozi mwenyewe alikuwa na "shemeji" wawili chumba cha nyuma, wote walimu, mmoja Mhaya na mwingine Mngoni.

Ikabaki risiti. Bila risiti hakuna posho ya pango, na ofisi haikuwa na safu ya kuandika kwamba mtumishi anakaa bure kwa mjomba na kumlipa mafuta ya taa. Nilimweleza mjomba kwa kuzungukazunguka. Hakushtuka hata kidogo. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akanifunulia. Kurasa zilikuwa tupu, isipokuwa kila ukurasa, chini kulia, palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Ukurasa baada ya ukurasa. Dole lilelile, pana, lenye kovu la mkato lililoligawa kama mfereji. Lilikuwa dole la mama yake, bibi wa milimani Bungu, ambaye hakusoma. Kiwanja kilikuwa kwa jina lake tangu mwanzo, ofa ya kiwanja ilisema hivyo. Mjomba alikuwa amepanda Bungu siku moja na kidau cha wino wa muhuri, akamkalisha bibi kivulini, akamwomba abonyeze daftari zima.

Akachana ukurasa mmoja, akaandika juu ya dole, kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi: Nimepokea kutoka kwa fulani shilingi 80 kodi ya chumba mwezi Mei. Karani akaipokea, akaipiga muhuri, akaniandikia posho. Sijui kama hakuona au aliona.

Upwa ule ulikuwa na kazi zake. Mpangaji akilipa amemaliza, mpwa hamalizi. Nilichota maji msiba ulipotokea upande wa mkaza mjomba, nikakesha nikimenya ndizi. Nilitoa mchango wa harusi ya mtoto wa binamu yao ambaye sijamwona kabla wala baada. Nikichelewa kurudi niliulizwa nilikuwa wapi, na si kwa mzaha. Kijana mmoja wa ushirika alipoanza kunitembelea, mjomba alimwita kibarazani akamhoji kwao ni kina nani, wanafanya nini, ana nia gani, mpaka kijana akasahau alichofuata. Nilikasirika kweli siku ile. Nikamwambia mkaza mjomba kwamba mimi nalipa. Akanijibu, akiendelea kuchambua mchele, "Unalipa mafuta ya taa, mama." Kwa upande mwingine, mgambo hawakunisumbua tena, na sukari ya duka la kaya ilipofika, jina langu lilihesabiwa katika watu wa nyumba ile.

Bibi alishuka kutoka Bungu mara moja tu nikiwapo, kwa matibabu ya macho. Alikaa kwenye mkeka uani, wakanitambulisha: mjukuu wako, mtoto wa yule wa reli. Akanishika mkono, akaupapasa kwa muda, akauliza kwa Kishambaa jambo ambalo watu walilicheka na kunitafsiria kwamba ananipa pole ya safari. Walipoondoka wote akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Kumbe wewe ndiye ninayekubonyezea." Sikuwa na la kusema. Nilimchemshia maji ya kuoga.

Alifariki mwaka 1987. Tulipanda Bungu kuzika, mimi nikiwa kwenye kundi la wajukuu. Mwezi ulipoisha nililipa hela ya mafuta ya taa, mjomba akaenda ndani, akarudi na ukurasa wenye dole. Tulitazamana. Daftari lilikuwa bado nene. Akaandika tarehe, akanipa, nami nikapeleka ofisini, na mwezi uliofuata hivyohivyo. Marehemu akaendelea kupokea kodi yangu, akaipandisha hadi shilingi 150, akaipandisha tena, kwa miaka mingine kadhaa.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar na kulegeza yale masharti. Kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa, kuwa na mshahara zaidi ya mmoja, kupangisha nyumba yake. Magazeti hayakupiga kelele sana, lakini Korogwe haikuhitaji magazeti. Masika ya mwaka ule hayajaisha, niliona ubao wa kwanza, chaki nyeupe kwenye kipande cha mbao Manundu: CHUMBA KINAPANGISHWA. Makufuli yakafunguliwa. Wajukuu wanaokuja sikukuu hawakutajwa tena, shemeji wa balozi wakawa wapangaji hadharani. Mjomba naye alikuwa karibu kustaafu. Watu walimshauri aende Tanga ofisi ya ardhi akabadilishe jina la kiwanja, kwani sasa hakuna wa kumuuliza. Akasema ataenda. Kila likizo alisema ataenda. Kuna karatasi mtu anaziogopa hata baada ya sababu ya kuziogopa kuondoka, na nadhani yeye alikuwa hivyo.

Akafariki mwaka 1994 jina halijabadilishwa.

Nilikuwa bado pale. Stoo ya mahindi nilikuwa nimeiongeza kuwa chumba cha pili, nina mtoto anayetembea, plasta nimemalizia kwa pesa zangu. Baada ya arobaini kikaitwa kikao, sheikh mbele, wazee wa ukoo kutoka Bungu, watoto wa marehemu, mkaza mjomba ndani ya eda akisikiliza nyuma ya pazia la ukumbi, na dada mdogo wa marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama mama yangu mdogo. Mimi nilipewa jamvi upande wa wanawake, mpwa.

Watoto walisema nyumba ni ya baba yao. Kila mtu aliwaona mafundi wakijenga, kila mtu alijua mshahara wa nani ulinunua bati. Mama mdogo akasema hapana, nyumba ni ya mama yetu, ofa hii hapa ina jina lake, na marehemu kaka alikuwa msimamizi tu. Mtoto mkubwa akapandwa na jazba: "Shangazi, lile lilikuwa jina la Azimio!" Sheikh akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Mama mdogo akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "leta zile risiti."

Hapo ndipo nilipoona jinsi tulivyofungana. Nilikuwa na nakala zangu zote, zimefungwa kamba ya katani ndani ya sanduku la bati, nyingine ofisi ilizirudisha na mihuri. Nikizileta, zinasema mimi ni mpangaji wa bibi: nyumba ni ya bibi, na watoto wa mjomba, ambao nimewafundisha hesabu na kuwauguza malaria, wanapoteza sehemu kubwa ya walichodhani ni chao. Nikisema risiti ni za uongo, nyumba ni ya mjomba, lakini basi mimi sikuwa mpangaji, nilikuwa mpwa kweli kweli nikikaa kwa mjomba. Na palepale mzee mmoja wa Bungu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaliona jambo hilo kwa upande wake. Akakohoa. Ikiwa nyumba ni ya marehemu bibi, alisema, basi bibi alikuwa na watoto watatu. Wa reli naye ana fungu lake. Na binti yake si huyu hapa?

Vichwa vyote vikageuka. Mtoto mkubwa wa mjomba alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

Nikazileta risiti. Nikaziweka mbele ya sheikh, nikaeleza kila kitu tangu chai ya rangi: kwamba sina undugu nao, kwamba mama yangu yuko Manyoni na ni Mnyaturu wa kuzaliwa, hajawahi kuiona Korogwe, kwamba hela ni yangu, mwandiko ni wa mjomba, dole ni la bibi, na kwamba risiti za kuanzia katikati ya 1987 dole ni la bibi na bibi yuko kaburini. Kimya kilikuwa kifupi. Mzee wa Bungu ndiye aliyeanza kucheka, akafuata sheikh, akajizuia, ikashindikana. Nyuma ya pazia, mwenye eda tulimsikia naye. Tulicheka wote mpaka watoto waliokuwa nje wakaja kuchungulia. Halafu sheikh akapangusa macho, akasema kucheka si hukumu.

Hukumu yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Mtu akiandika mali yake kwa jina la mama yake, kwa sababu yoyote ile, akaacha hivyo hadi mama anafariki, na akaendelea kuacha hivyo ruhusa ilipokuja, basi ameitoa. Nyumba ni ya bibi. Mtoto wa kiume mmoja, wa kike wawili: nusu kwa marehemu kaka, ambayo sasa ni ya mjane na watoto wake, robo kwa kila dada. Vyumba sita na viwili vya uani ni vinane. Vinne, viwili, viwili. Sijawahi kuona mirathi ikagawanyika bila kubaki kitu kama ile. Viwili vya mbele, kulia, vikawekwa kwa ajili ya dada wa reli, akija yeye au mtoto wake halali, na kodi yake itunzwe na mzee wa Bungu. Na nani atamtafuta? Wakanigeukia tena, kwa kuwa ndiye mtu wa Manyoni. Nilipokwenda likizo niliulizia stesheni na kwenye nyumba za reli. Mzee mmoja alimkumbuka mke wa fundi wa njia, Msambaa, mwenye kicheko. Walihamishwa kwenda Kaliua au Uvinza, hakuwa na uhakika. Nilirudi na habari hiyo nikamwandikia mzee wa Bungu.

Banda la uani lilimwangukia mama mdogo, na mimi ndani yake. Alikuja mwisho wa mwezi akiwa na kitabu cha risiti kipya cha dukani, chenye karatasi ya kaboni. Akakagua plasta niliyomalizia, akaisifu, akasema chumba chenye plasta nzima hakiwezi kuwa bei moja na chenye nusu. Kodi ikapanda tangu mwezi ule. Risiti aliandika mwenyewe, jina lake kamili, na akanitaka nami niweke sahihi.